Mfupa wa Mwingine Kinywani Mwetu

Mwaka jana, baada ya Misa ya kwanza ya Dominika, mzee mmoja wa parokia yetu aliniita kando, chini ya mwembe. Ni mwalimu wa shule aliyepumzika kazi, na sauti yake nzito yajulikana na kwaya nzima. Lakini meno yake ya chini yamekwisha, na tangu hapo maneno ya nyimbo yamponyoka kinywani kama samaki mkononi. Alikuwa ametoka mjini kwa mganga wa meno. Mganga alipiga picha ya taya, akaitazama kwa muda, akamwambia: "Baba, naweza kukupandia meno ya kudumu, yenye mizizi ya chuma. Lakini taya lako limekonda mno. Kwanza tuongeze mfupa."

"Mfupa utatoka wapi?"

"Kuna njia tatu. Twaweza kukata kidogo katika mwili wako mwenyewe. Ama twaweza kuagiza mfupa wa mtu aliyekufa, uliosafishwa. Ama unga wa mfupa wa ng'ombe."

Mzee akaniuliza: "Mwalimu, kinywa hiki chapokea Mwili wa Bwana. Je, ni halali kutia ndani yake mfupa wa maiti, ama wa ng'ombe?"

Sikuweza kumjibu palepale. Seminarini tulisoma mambo mengi, lakini taya la mzee halikuwa katika kitabu. Nikamwomba majuma mawili. Haya niandikayo ndiyo niliyoyakuta, nami nayaandika kwa sababu nadhani wengine wataulizwa vilevile.

Kwanza tuelewe kwa nini taya lakonda. Jino halisimami tayani kama msumari katika ubao. Mzizi wake umezungukwa na mfupa mwembamba, na kati ya mzizi na mfupa mna nyuzi ndogo sana zinazofunga huyu na huyu. Kila tunapotafuna, nyuzi zile zauvuta mfupa, na mfupa kwa kuvutwa wakaa hai na nguvu. Jino likisha kung'olewa, mfupa ule hauna kazi tena, nao mwili haulishi mfanyakazi asiye na kazi. Huanza kuumeza polepole. Tena si polepole sana: mwaka 2003 waganga wa Denmark walichapa vipimo vya watu waliong'olewa magego, wakaonyesha kwamba kwa miezi 12 upana wa ukingo wa taya hupungua karibu nusu, na theluthi mbili za upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya kwanza. Mbele yao, mwaka 1972, Antje Tallgren alikuwa amewafuata watu wasio na meno kwa muda wa miaka 25, akaona kwamba taya la chini hupungua mara nne kuliko la juu. Ndiyo sababu nyuso za wazee wengine zaingia ndani, na kidevu chaikaribia pua. Meno ya kuvaa hayazuii jambo hilo. Yakaa juu ya ufizi tu, na ufizi ukishuka, yalegea, yachezacheza, yaumiza.

Sisi huku twang'oa upesi, kwa kuwa kung'oa ni bei ndogo kuliko kuponya. Silaumu mtu, nami nimeng'oa mawili.

Sasa twende Uholanzi. Katika mji wa Amsterdam aliishi mganga mpasuaji jina lake Job van Meekeren. Alikufa mwaka 1666, na miaka miwili baadaye, mwaka 1668, kitabu chake kilichapwa. Ndani yake mna habari aliyoisikia kutoka Urusi. Bwana mmoja wa cheo alipigwa upanga kichwani na Mtatari, hata kipande cha fuvu kikapotea. Mganga mmoja akachukua kipande cha fuvu la mbwa, akakikata kadiri ya tundu, akakitia. Kidonda kikapona. Yule bwana kwa furaha yake akawasimulia watu, na habari ikafika masikioni mwa wakubwa wa Kanisa la nchi ile. Wakamkataza kuingia kanisani: Mkristu hawezi kubeba mfupa wa mbwa kichwani mwake. Mwisho wa habari husimuliwa kwa namna mbili. Wengine husema aliutoa ule mfupa, akapokewa tena. Wengine husema alipotaka kuutoa, mganga alikuta umekwisha kushikana na fuvu, hautoki. Hata hivyo, waandishi wa habari za uganga huihesabu hiyo kuwa ndiyo habari ya kwanza iliyoandikwa ya mfupa kupandikizwa katika mwili wa mtu.

Nilipoisoma nilifikiri juu ya mzee wetu chini ya mwembe. Swali ni lile lile, mbwa na ng'ombe tu ndio tofauti.

Wengine wataona wale wakubwa walikuwa wajinga. Mimi siwacheki. Walijua kwamba mwili si chombo tu cha kutengenezwa, bali ni hekalu la Roho Mtakatifu, na walitaka kuulinda. Lakini walitazama jambo moja tu, yaani mfupa ni wa nani. Jambo la pili hawakulitazama sana: umepatikanaje, na kwa faida ya nani. Nimekuja kuona kwamba hilo la pili ndilo zito.

Na sisi Wakatoliki tunayo hadithi yetu ya kale. Watakatifu Kosma na Damiano walikuwa waganga wasiopokea malipo. Hadithi yasema kwamba baada ya kufa kwao walimtokea usiku mlinzi wa kanisa lao huko Roma, ambaye mguu wake ulikuwa umeoza. Wakaukata, wakaenda makaburini, wakachukua mguu wa Mwafrika aliyezikwa siku ileile, wakaupachika kwa yule mgonjwa. Asubuhi aliamka mzima, ana mguu mmoja mweupe na mmoja mweusi. Wachoraji wa Ulaya waliupenda sana mwujiza huo. Fra Angelico, mtawa wa Mtakatifu Dominiko, aliuchora huko Florence katika karne ya 15. Ni hadithi, si historia, wala Kanisa halitulazimishi kuiamini. Lakini yaonyesha kwamba Wakristu wa zamani hawakuona uchafu katika mguu wa maiti, wala katika mguu wa mtu wa taifa lingine. Neno moja tu lanisumbua ndani yake. Katika hadithi nzima hakuna anayewauliza ndugu za yule Mwafrika.

Neno hilo la kuuliza au kutouliza lilikuja kuwa kubwa katika karne ya 18, mjini London na Paris. Wakati ule matajiri walikula sukari nyingi, na meno yao yakaoza. John Hunter, mganga mashuhuri wa London, alichapa kitabu cha meno mwaka 1771. Aliwahi kutoa jino la mtu na kulipanda katika kishungi cha jogoo, nalo likashika. Kichwa cha jogoo yule bado kimehifadhiwa London hata leo. Akafundisha kwamba jino bichi, likitolewa kwa mtu mmoja na kutiwa mara moja katika tundu la mwingine, laweza kushika. Basi biashara ikaanza. Maskini waliitwa nyumbani kwa mganga, wakaketi pamoja na tajiri, na jino likavutwa kwao likingali na damu ya moto, wakapewa fedha kidogo. Mwaka 1787 Thomas Rowlandson alichora picha ya kuwadhihaki: kijana mfagia bomba za moshi, uso umejaa masizi, ang'olewa jino kwa ajili ya bibi aliyevaa vizuri, na mlangoni watoto wengine watoka wakishika mashavu yao.

Meno yale hayakudumu. Mengine yalianguka baada ya miezi, mengine baada ya miaka michache, na waganga wenyewe waliandika habari za watu walioambukizwa magonjwa mabaya kwa njia hiyo. Kazi ile ikaachwa. Iliachwa kwa sababu haikufaa, kuliko kwa sababu watu waliona haya. Na yule mtoto hakurudishiwa jino lake.

Mwanzo wa kazi safi ulikuwa Glasgow, katika nchi ya Scotland. Huko alikuwako mganga kijana, William Macewen, aliyefuata sana mafundisho mapya ya Joseph Lister, yaani kuosha mikono, vyombo na kidonda kwa dawa ya kuua vijidudu. Mwaka 1879 alikuwa na mgonjwa mdogo, mtoto wa miaka minne hivi, ambaye mfupa wa mkono wa juu ulikuwa umeliwa na usaha. Mkono ulining'inia kama kitambaa. Hospitalini humohumo Macewen alikuwa akinyosha miguu ya watoto wenye matege, na kwa kuinyosha alikata vipande vidogo vya mfupa ambavyo vingetupwa. Hakuvitupa. Alivikatakata, akavipanga katika mkono wa yule mtoto, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwaka 1881 habari hiyo ikasomwa mbele ya Chama cha Kifalme cha elimu huko London. Mkono ulipona, na baada ya miaka mingi Macewen alimwona tena, amekuwa mtu mzima afanyaye kazi kwa mkono ule.

Tazameni jinsi mfupa ule ulivyopatikana. Hakuna mtoto aliyekatwa kwa ajili ya mwenzake. Kila mmoja alikatwa kwa ajili ya kupona kwake mwenyewe, na kile kilichobaki kikamponya mwingine. Katika habari zote nilizozikuta, hiyo ndiyo iliyonipendeza kuliko zote.

Lakini mfupa wa mtu mwingine washikaje? Waganga walibishana sana juu ya jambo hili. Léopold Ollier wa Lyon, Mfaransa, aliyechapa kitabu kikubwa mwaka 1867, alifundisha kwamba uzima wa mfupa umo katika ngozi nyembamba inayoufunika, nayo ikihamishwa pamoja na mfupa, mfupa waendelea kuishi. Macewen alikataa. Kisha Mjerumani Arthur Barth, mwaka 1893, akatazama mifupa iliyopandikizwa kwa darubini, akaona kitu cha ajabu: sehemu kubwa ya mfupa uliopandikizwa hufa. Mishipa midogo ya damu ya mwenyeji huingia ndani yake, nayo huleta mafundi wawili. Fundi wa kwanza huula mfupa wa zamani, wa pili hujenga mpya mahali pake, kidogo kidogo, mpaka mfupa wa kigeni umekuwa mfupa wa mwenyeji. Mwaka 1914 mganga Mmarekani, Dallas Phemister, akaipa kazi hiyo jina la kubadilishana kwa kutambaa.

Waashi watanielewa. Ukitaka kujenga tao la mlango, kwanza wasimamisha kiunzi cha miti. Matofali hupangwa juu yake. Tao likisha kukauka, kiunzi chaondolewa. Mfupa wa kupandikizwa ni kiunzi cha namna hiyo, ila mwili waujenga ukuta huku ukila miti. Kwa hiyo mambo matatu yahitajika, wala hayana mbadala: damu ya kutosha, utulivu, na muda. Mfupa ukitikisika, hufa. Usaha ukiingia, hufa.

Ilikuwa vita vya 1914 mpaka 1918 vilivyouleta ujuzi huo tayani. Askari walikaa katika mahandaki, vichwa tu vikitokea juu, na vyuma vya mizinga viliwapiga usoni. Wengi walipona na uhai wao, lakini bila taya. Hawakuweza kutafuna, wala kusema, wala kuzuia mate. Katika Ufaransa waliitwa watu wa nyuso zilizovunjika, na mwaka 1921 walifanya chama chao. Waganga wa kila upande walishughulika: August Lindemann huko Düsseldorf kwa Wajerumani, Harold Gillies huko Sidcup kwa Waingereza, na huko Le Mans Henri Delagénière, aliyebandua mabamba membamba ya mfupa katika muundi wa mguu wa askari, pamoja na ngozi yake, na kuyaunga katika taya lake. Wengine walichukua mfupa wa nyonga, wengine wa ubavu. Hapa hapakuwa na swali la maiti wala mnyama. Kila mmoja alijilipia kwa mwili wake mwenyewe, akachechemea kwa majuma kadhaa.

Adui mkubwa alikuwa mate. Kinywa chajaa vijidudu, na dawa ya penisilini haikuwako bado. Kwa hiyo waganga walipita chini ya kidevu, kwa nje, wakijihadhari wasitoboe mpaka ndani ya kinywa. Katika vita vya pili, mwaka 1944, Rainsford Mowlem, mzaliwa wa New Zealand aliyefanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba afadhali usipandikize kipande kizima kigumu, bali vipande vidogo vya mfupa laini, wenye matundu kama sifongo, kutoka nyonga. Damu huingia humo upesi, na usaha haupati nafasi. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililofungua njia ya mfupa wa vipande na wa unga unaotumika leo.

Mpaka hapo nia ilikuwa kurudisha taya, si meno. Meno yenye mizizi yalikuja kwa bahati. Katika miaka ya 1950 Msweden mmoja, Per-Ingvar Brånemark, alichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa wa sungura, huko Lund. Alitia mguuni kichombo cha madini ya titani, chenye kioo cha kuchungulia. Alipomaliza alitaka kukitoa, kwa maana kilikuwa cha bei. Hakikutoka. Mfupa ulikuwa umeshikana nacho kabisa. Mtu mwingine angekasirika na kununua kingine. Yeye akafikiri. Mwaka 1965, mjini Göteborg, alitia skrubu za titani katika taya la chini la Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya kinywa na kukosa meno ya chini. Alingoja mfupa uzishike, kisha akafunga meno juu yake. Larsson alikufa mwaka 2006, miaka zaidi ya 40 baadaye, na mizizi ile ilikuwa ingali inafanya kazi. Wenzake Brånemark walimpinga muda mrefu. Ni mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 uliowavuta waganga wa Amerika kumkubali.

Hapo ndipo habari zetu mbili zakutana. Skrubu yataka mfupa wa kuishika, kama msumari utakavyo ubao. Na ni nani atafutaye meno ya kudumu? Ni yule aliyepotewa na meno zamani, yaani yule ambaye mfupa wake umekwisha kumezwa. Waliohitaji zaidi ndio waliokataliwa kwanza. Brånemark na mwenzake Breine walichapa mwaka 1980 habari za majaribio ya kuunga taya kwa mfupa wa muundi na kutia mizizi. Mizizi mingi ilipotea, lakini walijifunza.

Taya la juu lina taabu yake ya pekee. Juu ya magego, pembeni mwa pua, kuna pango la hewa. Magego yakitoka, pango hushuka na mfupa huliwa kutoka chini, mpaka unabaki mwembamba kama kipande cha chungu. Katika miaka ya 1970 mganga wa Alabama, Marekani, Hilt Tatum, alipata njia: kufungua dirisha dogo ubavuni mwa taya, kuuinua ule utando wa ndani ya pango bila kuutoboa, na kujaza mfupa chini yake. Utando ule ni kama ule uliomo ndani ya ganda la yai. Jaribuni jikoni kuuondoa ganda pasipo kuupasua, ndipo mtamheshimu. Philip Boyne na Robert James ndio waliokuwa wa kwanza kuichapa kazi ya namna hiyo, mwaka 1980, kwa mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Tena mwaka 1988, huko Göteborg, Christer Dahlin na wenzake walionyesha kwamba ukifunika mahali pa mfupa kwa utando wa kuzuia, nyama ya ufizi haiwezi kuwahi kuingia, na mfupa, ambao ni mwenda pole, wapata nafasi ya kujijenga.

Sasa mfupa wa nyonga ni mwingi, lakini kuukata ni operesheni ya pili, yenye maumivu yake na malipo yake. Kwa hiyo watu walitafuta mahali pengine: kidevu, au nyuma ya taya karibu na gego la mwisho. Na wengine walitafuta nje ya mwili. Mwaka 1949 jeshi la majini la Marekani lilianzisha huko Bethesda ghala ya mifupa na ngozi za watu waliokufa, iliyogandishwa na kukaushwa, kwa ajili ya askari waliojeruhiwa. Kutoka huko desturi ikaenea. Mfupa wa ng'ombe nao husafishwa kwa moto mkali au kwa dawa, mpaka nyama, mafuta na utomvu wote umetoka na kubaki sehemu ya mawe tu. Kwa kweli unga huo mwili hauuli upesi. Baada ya miaka mingi chembe zake zaonekana bado kwenye picha, zimezungukwa na mfupa mpya pande zote, kama kokoto ndani ya saruji.

Hapa ndipo nilipokuwa nikitafuta neno la Kanisa, nalo lipo. Tarehe 14 Mei 1956 Baba Mtakatifu Pio XII alisema na chama cha Waitalia waliojitolea konea, yaani ngozi angavu ya jicho, kwa ajili ya vipofu. Alieleza kwamba haifai kusema kila kitu cha mnyama kitiwacho katika mtu ni dhambi, wala haifai kusema kila kitu ni ruhusa. Lazima kutazama ni kitu gani. Viungo vya uzazi vya mnyama alivikataa. Konea ya mnyama, ikiwezekana kufaa, hakuona kizuizi. Nadhani mfupa wafuata njia ya konea. Juu ya maiti alisema kwamba mwili wa mtu aliyekufa wastahili heshima, kwa kuwa ulikuwa makao ya roho, nao wangojea ufufuko. Hata hivyo ni halali kuutumia kwa kuponya, ilimradi mapenzi ya marehemu na haki za ndugu zake zisikanyagwe. Tarehe 29 Agosti 2000, mjini Roma, Yohane Paulo II alisema na waganga wa kupandikiza viungo kutoka nchi nyingi. Alimkumbusha Pio XII, akasisitiza mambo mawili: mtoaji awe amekubali kwa hiari, akijua akubalilo, na mwili wa mtu usiwe bidhaa ya sokoni.

Kama mtu afikiri kwamba maneno hayo ni ya vitabuni tu, asikie habari hii. Mwaka 2005 ilifunuliwa huko New York na New Jersey kwamba Michael Mastromarino, ambaye zamani alikuwa mpasuaji wa meno na taya, alikuwa akinunua ruhusa kwa wenye nyumba za kuwekea maiti, na kuiba mifupa katika miili zaidi ya elfu moja. Ndugu za marehemu hawakuulizwa. Karatasi za ukubali ziliandikwa za uongo. Wazee waliandikwa vijana, wenye saratani waliandikwa kuwa wamekufa kwa moyo. Mahali pa mifupa ya miguu walitia mabomba ya plastiki, ili jeneza likifunguliwa mtu asitambue. Mmoja wa walioibiwa alikuwa Alistair Cooke, mwandishi aliyesikika miaka mingi katika redio ya Uingereza, aliyekufa mwaka 2004 mwenye miaka 95. Mifupa iliuzwa, ikaingia katika migongo na mataya ya wagonjwa ambao hawakujua neno. Mwaka 2008 Mastromarino alihukumiwa kifungo cha miaka 18 mpaka 54, akafa mwaka 2013 akiwa mfungwa.

Nilipomaliza kusoma habari hiyo nilimkumbuka yule mfagia bomba wa mwaka 1787.

Basi baada ya majuma mawili nilikwenda nyumbani kwa mzee. Tuliketi uani. Nikamweleza habari za mbwa wa Urusi, akacheka mpaka akashika ubavu. Nikamwambia: "Mzee, mfupa wenyewe hauwezi kukutia unajisi. Wa ng'ombe ni halali. Wa maiti pia ni halali, lakini hapo una haki ya kumwuliza mganga: umetoka ghala gani, na una karatasi gani? Akijibu sawasawa, vema. Akinung'unika, ondoka."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nyama ya ng'ombe nimeila miaka sitini, Mwalimu, sikuwahi kumwuliza mtu."

Lakini mwisho alichagua mfupa wake mwenyewe, kutoka kidevuni. Dhambi haikuwamo tena katika hesabu yake. Unga ulikuwa bei kubwa, na kidevu alikuwa nacho bure. Alipasuliwa baada ya Pasaka. Kwa mwezi mzima alikuwa na ganzi katika mdomo wa chini, na mganga alimwonya tangu mbele kwamba jambo hilo hutokea. Sasa ni mwezi wa tano. Ala uji, na bugali laini na sombe, na nyama amekatazwa. Kwa kwaya anakuja, lakini haimbi. Amekaa kwenye benchi la mbele, akipiga kipimo kwa kidole juu ya goti. Mwezi ujao atapigwa picha nyingine, ili mganga aone kama mfupa umeshika.